Mama Jackie Achague Kapeti

Uncle Bedan alibadilisha jina la grupu wakati Idah ako na mikono yote miwili ndani ya siagi, hadi karibu na kiwiko. Simu ilikuwa imeegemea bati la keki, inatetemeka kama kuku ameona mwewe, na hakuna kitu Idah angefanya. Siagi na sukari zikishaanza kushikana huwezi kuziacha, ni kama mtoto uko naye kwa karai unamuogesha.

"Baba Jackie!" akaita. "Ebu kuja uone hii simu inalilia nini."

Githinji akatokea kwa mlango wa jikoni na simu yake mwenyewe mkononi, miwani imeshuka hadi mwisho wa pua. Alikuwa ameshaona. Ungejua ameona kwa vile alikuwa anatabasamu kama mtu amepewa kiti cha mbele kanisani.

"Ni ile grupu," akasema. "Uncle amebadilisha jina."

"Si ulikuwa umeiita Ushauri wa Gari?"

"Ndiyo."

"Na sasa inaitwaje?"

Githinji akasukuma miwani juu, akasoma polepole, kama anasoma somo la Jumapili. "Gari Yetu."

Idah akatoa mikono kwa siagi.

Gari yenyewe ilikuwa ya Idah. Wacha hiyo isemwe mapema, kwa sababu hapo mbele kila mtu ataisahau. Idah anaoka keki hapa Gitothua, za harusi na za besdei, na alikuwa akizisafirisha kwa boda mpaka ile siku keki ya ghorofa tatu ilifika hoteli ya kule Chania ikiwa ghorofa mbili. Ya tatu ilikuwa kwa mgongo wa mtu wa boda. Bibi harusi alilia mpaka kope za kubandika zikaanguka kwa shada la maua. Sacco ya Idah ikakubali mkopo, yeye mwenyewe akaongeza akiba yake, na kando akaacha pesa ya oveni kubwa. Gari bila oveni ni kutembea tu. Ungebeba nini?

Alikuwa ameshaenda Thika peke yake, kwa showroom, si yadi, showroom ya gari mpya zile bado ziko na nailoni kwa viti. Akaona moja ndogo, injini ya pistoni tatu, buti imelala sawa kama meza, rangi ya damu ya mzee. Aliishika mlango akasahau kuachilia. Yule dada wa kuuza, Hayat, akamwambia oda ya mwezi inafungwa Ijumaa, bei ya mwezi ujao hakuna anayeijua, kwa hivyo aje na bwana wamalize kuchagua injini, rangi na yale mengine.

Kosa la Idah lilikuwa moja. Alirudi nyumbani akamwambia Githinji, "Niulizie tu watu wa kwenu kama pistoni tatu ni mzuri."

Sasa, Githinji ni mtu mzuri. Ni karani wa stoo kwa kiwanda fulani Thika, hanywi, hapigi mtu, na suruali yake anapiga pasi mwenyewe. Lakini ni kitinda mimba, na tangu azaliwe hakuna siku familia yao imewahi kungoja yeye aseme kitu. Kwa mikutano ya kwao watu wakifika pale pa kuamua, Githinji ndiye anatumwa soda. Sasa amepata jambo lake! Akafungua grupu. Akaweka Uncle Bedan aliyemlea, akaweka kaka yake Wanyoike mwenye duka la spea, dada yao Tabby wa Githurai 45, akaweka mabinamu, akaweka wake wa mabinamu, akaweka hata mtu wa kumuuzia makaa.

Na hapa kwetu grupu ikifunguliwa, nani husoma imeandikwa nini? Mtu anajua kuna mtu amekufa, ama anaoa, ama amelazwa. Anatuma pesa kwanza, maswali baadaye. Uncle Bedan ndiye alitangulia. Simu ya Githinji ikalia, elfu moja imeingia, na chini ya hapo ujumbe: "Nimefungua njia. Poleni sana kwa msiba."

"Uncle, si msiba," Githinji akaandika. "Ni gari."

"Basi hongera," Uncle Bedan akajibu. "Pesa ni ileile."

Ikawa mzee ameshatoa. Nani atabaki nyuma? Wanyoike akatuma. Tabby akatuma, akaandika na herufi kubwa MIMI NIMETUMA, ili asije akasemwa. Mtu wa makaa akatuma mia mbili. Ukiweka zote pamoja haingetosha tairi moja na nati zake, lakini ilikuwa imetoka, na Githinji alikuwa ameipokea.

"Rudisha," Idah alimwambia siku hiyohiyo.

"Nirudishie mzee mchango wake?" Githinji akashika kifua. "Huyo mzee amenitemea mate ya baraka tangu niko hivi. Ni kama nimwambie, Uncle, shika mate yako."

Na sasa jina limebadilika. Idah akapangusa vidole kwa aproni, akachukua simu, akapanda juu kwa zile meseji.

"Pistoni tatu ni stuli," Wanyoike alikuwa ameandika. "Gari ni pistoni nne. Mguu mmoja ukikosa unaanguka."

"Ile ingine inatumia petroli na stima," binamu mmoja alikuwa ameeleza, na Tabby akauliza, "Token zikiisha tukiwa Juja?"

"Viti viwe saba. Sisi ni wengi."

"Na ile chuma ya nyuma ya kuvuta trela. Napier ya ng'ombe iko mingi msimu huu."

"Rangi nimesikia ni nyekundu," Uncle Bedan alikuwa amemalizia. "Nyekundu ni ya lipstick. Tukutane showroom Jumatano. Watu wavae vizuri."

Idah akaangalia bwanake. Bwanake akaangalia siagi.

"Mambo ya gari," Githinji akasema kwa sauti ya chini, "ni mazito. Si vibaya kubebwa na watu."

* * *

Jumatano familia ya Githinji ilishuka Thika ikiwa imevaa ya Jumapili. Mlinzi wa geti aliangalia suti, akaangalia kofia ya Tabby yenye manyoya, akaangalia Uncle Bedan na fimbo yake, akawaambia kwa heshima kwamba magari ya kukodisha ya harusi ni geti linalofuata.

"Tumekuja kununua," Wanyoike akasema.

"Nyinyi wote?"

Ndani kulikuwa baridi na kulinukia plastiki mpya. Tabby alipofungua gari la kwanza alivua viatu, akaviacha nje pamoja kama mtu anaingia kwa watu, akakaa. Binamu wakajigawa kwa magari mengine, wanafunga milango na kufungua, wanasikiliza ile tup ya mlango mzuri. Uncle Bedan akatoa kofia, akaomba. Aliombea wanaosafiri, wagonjwa, barabara ya Thika pamoja na zile za kando, na kiwanda kilichounda chuma. Hayat alisimama na tableti yake kifuani, kilemba chake cha bluu kimeinama kwa adabu, mpaka mzee akasema Amina.

"Karibuni sana," akasema. "Sasa mnunuzi ni nani?"

Mikono ikapanda. Wanyoike, Tabby kutoka dirishani, binamu wawili, Uncle Bedan na kofia. Githinji akapandisha wake nusu. Idah ndiye hakuinua. Idah alikuwa ameshika fimbo ya Uncle, mkoba wa Tabby, na flaski ya chai.

Hayat akamwangalia. Alimkumbuka vizuri, huyu ni yule mama aliyesahau mkono kwa mlango. Akafungua mdomo, akaona nyuso, akafunga. Biashara ni biashara.

"Tuanze na injini," akasema. "Kuna ndogo ya pistoni tatu, na kuna kubwa ya nne yenye turbo."

"Fungua boneti," Wanyoike akaamuru.

Boneti ikafunguliwa. Wanyoike akakunja mikono ya suti, akainama. Hapo ndani palikuwa pamefunikwa plastiki nyeusi safi, kama sufuria ya wageni. Akagonga na kucha. Akachungulia kando.

"Injini iko wapi?"

"Iko hapo chini, kaka."

"Wameificha kwa nini? Kitu mzuri haifichwi." Akasema iwashwe. Ikawashwa. Akaweka sikio. "Sisikii kitu. Gari inanong'ona kama mtu ako na deni! Tunataka ile kubwa."

"Kubwa," familia ikasema.

Hayat akabonyeza tableti, na bei pale juu ikaruka. Idah aliiona vile inaruka. Mkopo wa Sacco ulikuwa na mwisho wake, na kila kitu kilichopita hapo kingetoka kwa pesa ya oveni. Hiyo turbo peke yake ilikuwa imekula mlango wa oveni na bawaba zake.

"Viti saba," Tabby akasema. Trei zote za oveni zikaenda.

"Hapo juu mtuwekee keria. Gunia haliingii ndani."

"Na chuma ya trela."

Kila mtu akisema, tableti inalia tik, na Idah anaona oveni yake inabomolewa kipande kwa kipande, vile vijana wa vyuma kuukuu hubomoa friji: waya, taa ya ndani, miguu. Ikafika rangi. Wakabishana mpaka watu wengine wa showroom wakasimama kuwaangalia. Nyeupe itashika vumbi. Rangi ya fedha ni ya kila mtu, utaisahau kwa parking ya supamaketi. Bluu ni ya mtoto wa shule. Mwishowe Uncle Bedan akachukua fimbo yake kutoka kwa Idah, akagonga sakafu.

"Nyeusi," akasema. "Ikienda mazishi inafaa, ikienda ruracio kupeleka mahari inafaa."

"Nyeusi," familia ikasema.

Idah akakohoa. "Mimi nilikuwa nimeona ile ya..."

"Ngoja, Mama Jackie, hatujakusahau." Uncle Bedan akainua mkono kama anagawa nyama. "Kamati haiwezi kumwacha mwenye nyumba nje. Kuna ile kitu ya kuweka miguu, inaitwaje?"

"Kapeti?" Hayat akasema.

"Hiyo. Mama Jackie achague kapeti."

Watu wakapiga makofi. Kweli walipiga! Tabby alisema, "Unaona? Unaona vile tunakupenda?" Hayat akasogea karibu na Idah, akamuonyesha tableti, akasema kwa sauti ndogo kwamba kuna za kijivu na kuna nyeusi.

Idah alikuwa na maneno mengi. Yalikuwa yamejaa mdomoni kama ugali wa moto. Lakini hapo kulikuwa na mzee, kulikuwa na shemeji, na yeye alikuwa ameshika flaski. Akasema, "Kijivu."

"Imeandikwa," Uncle Bedan akasema.

* * *

Jioni ya Alhamisi Idah alikuwa anapiga krimu kama ina makosa. Githinji alikuwa amekaa kwa meza ya jikoni na karatasi kutoka showroom, anaisoma tena, ameshika kalamu sikioni. Ilikuwa imebaki kusaini kesho.

"Wanyoike anasema hiyo turbo ukiikanyaga..." akaanza.

"Nani ataikanyaga?"

"Si wewe?"

"Mimi napeleka keki. Nikiikanyaga, keki itanikuta kwa kichwa." Idah akaweka mwiko chini. "Baba Jackie. Oveni imeisha."

"Imeisha aje, na hujanunua?"

"Ndio hiyo imeisha. Imeliwa na viti saba. Sisi tuko watatu, na mmoja ako bording."

Githinji akaangalia karatasi. Alikuwa ameiona hiyo hesabu kutoka jana, kwa sababu ni mtu wa stoo na stoo ni kutoa na kujumlisha. Lakini jana watu walikuwa wanamwita Baba Jackie. Wanyoike alikuwa amemshika bega mbele ya watu akasema, "Ndugu yangu sasa amekuwa mtu." Hakuna siku Wanyoike alikuwa amesema hivyo. Hata siku ya harusi yake alimwambia tu afunge kiatu.

"Nitawaambia nini?" akauliza. "Nimekula pesa zao."

"Na wewe, wewe ulichagua nini jana?"

"Mimi?"

"Tabby alichagua viti. Wanyoike injini. Mimi nimepewa kapeti. Wewe?"

Githinji akatoa miwani, akaipangusa kwa shati. Alichukua muda na hiyo miwani. "Hakuna mtu aliniuliza."

"Si ndio nakuuliza."

"Utacheka."

"Sina nguvu ya kucheka."

"Kuna ile dirisha ya juu," Githinji akasema, na masikio yakaanza kupata moto. "Ile ya kwa paa. Unabonyeza hivi, inafunguka, unaona mbingu. Nilikaa chini yake kidogo wakati walikuwa wanabishana rangi. Kulikuwa kunapita ndege."

Idah alicheka. Haikuwa kucheka kwa ubaya, ilimtoka tu, na kilikuwa kicheko cha kwanza tangu hiyo grupu izaliwe. Mtu amelishwa gari la viti saba, keria na chuma ya trela, na yeye anachotaka ni kuona ndege!

"Na mafuta?" akauliza akipangusa macho. "Hiyo turbo ikilia njaa, ni nani ataipeleka petroli stesheni?"

"Mafuta..." Githinji akakunja uso. "Kamati haikufika hapo."

Idah akafunika bakuli la krimu. Akamwangalia. Halafu akaosha mikono, na sabuni, vizuri, kidole kwa kidole, akakaa chini akavuta simu. Githinji akainama kuona anaandika nini, na vile alisoma ndivyo kiti kilizidi kumuuma.

"Familia, Bwana asifiwe. Shukrani kwa kamati kwa kazi ya jana, hata majirani wametuonea wivu. Kwa vile gari ni YETU, na tumechagua injini kubwa inayokula vizuri, nimeona tugawane kulisha, kila mtu kulingana na alichochagua. Kaka Wanyoike ni mwenye injini, kwa hivyo service na oili ni yeye. Tabby ni viti, bima ya abiria ni yeye. Mwenye keria na mwenye trela, tairi mbili kila mmoja, kila zikiisha. Uncle kama mwenyekiti atatufungulia njia na mafuta ya wiki ya kwanza. Mimi nimechagua kapeti, nitazifua mwenyewe. Tuanze kutuma leo jioni. Mungu awabariki."

"Usibonyeze," Githinji akasema.

Idah akabonyeza.

Zile alama za kusoma zikageuka bluu, moja, nyingine, nyingine, kama taa za mtaa stima ikirudi. Hakuna aliyeandika. Halafu mtu wa makaa akatoka. Hakusema kitu, ametoka tu. Binamu wa trela akaandika, "Hii laini naifunga, mtanipata kwa ile ingine," akatoka, na ile ingine hakuna mtu alikuwa nayo. Mwenye keria akatoka. Wake wa mabinamu wakatoka pamoja kama watu wa choir.

"Tabby anaandika," Githinji akasema. Walingoja. Tabby aliandika, akaacha, akaandika, akaacha. Mwishowe ikaingia: "Mama Jackie mpenzi, kwani hukuelewa? Sisi tulikuwa tunakushauri tu." Tabby ametoka.

Wanyoike ndiye aliwashangaza. Yeye alipiga simu kabisa, akaambia Githinji kwamba amefikiria, na kwa kweli hizi pistoni tatu za siku hizi si mbaya, ni kuzizoea tu, na kwamba kuna mteja dukani. Akakata. Ametoka.

Githinji alikuwa ameshika kichwa. "Umenimalizia familia."

"Hawajaisha, wako kwao." Idah alikuwa ameshaingia kwa M-Pesa, anarudisha mchango wa kila mtu, na ya kutolea akiongeza juu, asije mtu akasema alikatwa. Alipomaliza akarudi kwa grupu kuifunga. Kulikuwa kumebaki watu watatu. Yeye, bwanake, na Uncle Bedan.

Halafu sauti ya Uncle ikaingia. Githinji akaibonyeza. Kwanza ni kupumua, kisha mbuzi kwa mbali, kisha mzee.

"Mama Jackie. Nimeona. Nimeona pia umenirudishia elfu yangu, na hiyo ni madharau, lakini tutaongea. Sasa. Mimi sijui watu wanabonyeza wapi ndio watoke kwa hii grupu, lakini hata ningejua singetoka. Mafuta ya kila siku siwezi. Ya Jumanne nitaweka. Jumanne huwa naenda kliniki ya mguu huko Thika. Zile matatu ni juu, mguu haupandi, wale vijana wananisukuma nyuma kwa makalio kama gunia la viazi, na watu wananijua. Ndio nikasema gari iwe kubwa, iwe juu kama ya mheshimiwa. Basi. Ni hiyo tu."

Githinji akaicheza tena.

"Wewe ulijua ako na kliniki?" Idah akauliza.

"Aliniambia ni nyasi ilimkata." Githinji alikuwa anaangalia simu kama imemfinya. "Mwaka jana."

Idah akafikiria. Huyu ndiye mzee aliyempatia kapeti. Huyu ndiye alisema lipstick. Moyo wake ulitaka kumwacha hapo kwa grupu peke yake, mwenyekiti wa viti vitupu, na kwa kweli ulitaka hivyo kwa muda. Akabonyeza mahali pa sauti.

"Uncle, gari ikiwa juu ndio haitakufaa. Unataka ya chini. Unageuka, unakaa na makalio kwanza, halafu unaingiza miguu pole pole. Gari ikishafika, kila Jumanne saa mbili niko kwako. Mafuta ni wewe. Na gari ni ndogo. Na ni nyekundu."

Jibu likachukua muda, maanake mzee alikuwa anaandika safari hii, kwa kidole kimoja.

"Nyekundu?"

"Nyekundu, Uncle."

"Basi nitavaa miwani ya jua."

* * *

Ijumaa walikuja wawili. Mlinzi aliwaangalia, akachungulia barabarani nyuma yao.

"Hao wengine wanakuja?"

"Wamefika kwao," Githinji akasema.

Hayat alifurahi mpaka akasahau kujifanya hakufurahi. Akafuta ile oda ya Jumatano yote, kiti kwa kiti, na vile anafuta bei inashuka, na Idah akasikia mabega yake yakishuka nayo. Injini ndogo. Viti vitano. Bila keria, bila chuma. Oveni ilikuwa imerudi nzima na miguu yake, imekaa hapo kichwani mwa Idah inang'aa.

"Sasa sikilizeni," Hayat akasema, akawageuzia tableti. "Mkopo wenu umebakisha kitu kidogo, na kuna vitu viwili. Ile damu ya mzee ni rangi ya kuongezea pesa, si ya bure kama nyeupe. Na kuna hii dirisha ya juu, baba alikuwa ameniuliza bei yake Jumatano."

Idah akamgeukia bwanake. Bwanake alikuwa anasoma kifaa cha kuzima moto ukutani.

"Zote mbili?" Idah akauliza.

"Zote mbili haziingii. Labda uguse ile pesa ya oveni uliniambia."

"Chagua wewe," Githinji akasema haraka. "Mimi niko sawa. Kwa kweli. Nyeupe pia ni rangi." Alikuwa ametoa ile sauti ya mwanaume anayesema hana njaa.

Idah alimwangalia kwa muda. Alikuwa amevaa lile shati la bluu la pasi kali, shingo imesimama. Siku zote anatumwa soda. Huruma ikamshika Idah, huruma ya kweli, ile inafanya mwanamke ampe mtu paja la kuku na yeye abaki na shingo. Angempa hiyo dirisha. Ilikuwa tayari kwa ulimi. Halafu macho yake yakapita begani mwa Githinji, na hapo kwa kona, chini ya taa, ile gari ilikuwa imekaa, damu ya mzee, inamngoja.

Kwa maisha yake yote Idah alikuwa amekula shingo.

"Rangi," akasema.

Githinji akatikisa kichwa kukubali, akakitikisa sana, kama mtu anayemaliza kumeza.

"Na wewe usinune. Hii gari iko na madirisha manne ya kando. Chagua lako, shusha, toa kichwa. Ndege utawaona tu."

Hayat akaficha mdomo na tableti. Githinji alijaribu kukaa na ule uso wake wa huzuni, akaushikilia, akaushikilia, halafu ukamponyoka na akacheka mpaka akakohoa.

"La nyuma, kushoto," akasema. "Mbele ni pa Uncle."

"Pa Uncle ni Jumanne tu. Siku zingine ni pa keki."

"Basi la nyuma ni langu kabisa. Dada, andika hivyo."

"Hiyo haiandikwi, baba," Hayat akasema, akatoa karatasi mpya kwa mashini, bado ina joto, akaiweka kwa meza na kalamu juu yake.

Githinji akachukua kalamu. Ni mazoea. Nyumbani kwao akifa mtu, akioa mtu, karatasi ikiwekwa kwa meza mwanaume ndiye huinama. Alikuwa ameshainama. Akasoma pale juu, palipoandikwa mnunuzi, na jina moja tu hapo, na si lake. Akasimama wima. Akaiangalia ile kalamu mbele na nyuma, kama spea ameletewa stoo na hajui ni ya rafu gani, halafu akaigeuza na kumpa bibi yake upande wa kushika.

"Saini pole pole," akamwambia. "Hiyo si krimu."